Kitabu cha Kirusi kimechapwa Marekani, je ni feki?

Hili swali tunaulizwa sana hapa dukani na WhatsApp pia, mtu kaagiza riwaya ya Kirusi, kaipata, anafungua ukurasa wa mbele anakuta imechapwa Ann Arbor, Michigan, au Paris, anatupigia, jamani mmeniuzia kopi! Hapana ndugu. Mara nyingi hiyo ndo orijino yenyewe, maana kwao Urusi serikali ilikuwa hairuhusu ichapwe.

Na hayajaanza jana. Enzi za tsar, yaani wafalme wa Urusi, mwandishi Alexander Herzen alifungua matbaa yake London mwaka 1853, gazeti lake Kolokol likawa linaingizwa Urusi kwa magendo. Wakaja Wasovieti, 1922 wakaunda Glavlit, ofisi ya udhibiti, kitabu hakitoki mpaka wao waseme sawa.

Basi watu wakageukia taipureta. Unapanga karatasi nyembamba na kaboni katikati, unagonga kwa nguvu ili hata kopi ya chini isomeke, unampa rafiki, naye anapiga zake anagawa, ndo samizdat hiyo. Mshairi Natalya Gorbanevskaya alianza hivyohivyo mwaka 1968, akiwa na mtoto mdogo na mimba ya wa pili, jarida la kuandika nani kakamatwa na nani kahukumiwa, mwaka uliofuata wakamkamata yeye, wakaja kumfungia hospitali ya magonjwa ya akili, na jarida wenzake wakaliendeleza hadi miaka ya 80. Mi huyu mama namheshimu mno.

Miswada mingine ilitoroshwa nje. Hiyo Ann Arbor mnayoiona ni kampuni ya uchapishaji ya Ardis, walioianzisha ni mke na mume, Carl na Ellendea Proffer, 1971, nyumbani kwao tu, wakachapa kwa Kirusi vile ambavyo Moscow vimekataliwa, halafu wasafiri wakavirudisha kimyakimya ndani ya mizigo.

Sheria ya 1990 ikaondoa udhibiti, lakini sasa hivi baadhi ya wachapishaji wako nje tena, mfano Freedom Letters ya Georgy Urushadze, ya 2023. Kwa hiyo hata kitabu kipya kuchapwa nje ya Urusi sio kasoro.

Ukiwa na wasiwasi tutumie picha ya ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka, tutakucheki bure hata kama hukununua kwetu. Na ukiagiza sema mapema unataka toleo la kwanza au la kusoma tu, bei zake haziko karibu kabisa.