Barua kwa kampuni ya umeme: rekodi yenu inasema Langoni hapakuzima

Langoni, Lamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Bwana Meneja,

KUH: DAI LA FIDIA MLILOLIKATAA, NA REKODI YA UMEME YA LANGONI

Nimepata jibu lenu. Mmeandika kwamba kwa mujibu wa rekodi za kituo kinachogawa umeme, laini inayolisha Langoni haikukatika usiku ule, kwa hiyo dai langu la friza na samaki halina msingi. Sibishani na rekodi ya kituo, huenda ni kweli tupu. Ila kituo sicho kilichopaswa kuulizwa.

Baada ya isha taa za dukani zilififia, balbu ikabaki uzi mwekundu tu ndani ya kioo. Friza zikawa zinanguruma, zinajaribu kuwaka, zinazima, zinanguruma tena. Nilipogusa kompresa ya ile kubwa, mkono haukukalika. Kipimo cha volti ninachokichomeka ukutani kilisoma 158, na umeme wa nyumbani hapa Kenya unatakiwa uwe 240. Nikachomoa, lakini kompresa ilikuwa imeshaungua. Ng'ambo ya kichochoro jirani yangu fundi cherehani alikuwa akishona kwa taa nyeupe, feni inazunguka. Usiku ulipokua upande wetu ukazima kabisa, kwake taa bado inawaka.

Asubuhi fundi wenu alipanda nguzo ya transfoma, akabadilisha fyuzi moja na kukaza waya ulioliwa na kutu, akashuka. Alisema mbele ya watu kwamba fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazogawa umeme mtaani, ilikuwa imekwenda; jirani yangu yuko kwenye fezi nyingine. Namshukuru, kijana alifanya kazi yake vizuri. Lakini hii ni kaskazi, bahari imetulia, manahodha wameshusha nguru na kolekole, na friza zilikuwa zimejaa hadi kwenye kifuniko. Kufikia adhuhuri nilikuwa nauza kwa bei ya kutupa, na samaki waliobaki tukawafukia.

Fyuzi ya transfoma ikikatika, swichi ya laini kule kituoni haina habari. Laini inaendelea kubeba umeme, mitambo inaonyesha mambo shwari, huku nusu ya mtaa iko gizani. Kupima umeme wa wateja kituoni ni kupima maji ya mtaa kwa kuchungulia tangi. Na hapo ndipo zinapotoka zile hesabu mnazopeleka kwa mdhibiti: SAIDI, yaani saa ambazo mteja wa wastani alikosa umeme, na SAIFI, yaani alikatikiwa mara ngapi. Zote mbili huanzia kwenye tukio lililoandikwa. Lisiloandikwa ni sifuri. Volti ya chini nayo haimo kabisa katika hesabu hizo, kwa kuwa umeme "upo", hata kama umeshaunguza kompresa ya mtu.

Mtasema mteja anatakiwa apige simu. Nilipiga, usiku uleule, na nikapewa nambari ya lalamiko, nimeiambatisha. Imo wapi katika rekodi mliyonijibu nayo?

Zamani, Lamu ilipokuwa ya jenereta za dizeli, mtambo ukizima ninyi na sisi tulijua kwa pamoja. Tangu tuunganishwe na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, umeme umekuwa bora, sikatai. Lakini hewa yetu ya chumvi inakula viungo vya waya kwenye nguzo za mitaani, na huko chini hamna jicho.

Wenzetu wameshaliona hili. Jijini Accra, Ghana, kuanzia 2018, watafiti waliweka vifaa vidogo kwenye soketi za majumba na maduka. Umeme ukikatika au volti ikishuka, kifaa kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Vifaa kadhaa vya mtaa mmoja vikizima kwa sekunde ileile, haiwezi kuwa kila mtu amechomoa plagi yake. India, shirika la Prayas la Pune liliweka vipimo kama hivyo kwa wateja wa kawaida, vikasoma volti dakika kwa dakika na matokeo yakawekwa wazi kwa umma. Kwetu hata mita moja tu kwenye kila transfoma ingetosha kusema fezi gani imelala, na tangu saa ngapi.

Naomba mtoe kadi ya kazi ya fundi wenu ya asubuhi ile, muisome, kisha mlifungue dai langu upya. Sheria ya Nishati ya 2019 inatambua fidia kwa mteja aliyeharibikiwa mali kwa hitilafu ya umeme. Naomba pia usiku ule uingizwe kwenye rekodi na wateja wote wa fezi ile wahesabiwe. Mita ya transfoma iwekwe kabla ya kusi. Kunilipa mimi halafu rekodi ikabaki ilivyo itakuwa kufunika kombe mwanaharamu apite, na sitaridhika.

Nimeambatisha picha za kipimo zenye saa, risiti za friza na hesabu ya samaki. Kompresa ipo dukani. Atakayekuja kuikagua asije Ijumaa mchana, tunafunga kwa sala.

Wenu,
Mwenye duka la samaki na barafu, Langoni

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, Nairobi