Barua kwa Mwalimu kuhusu stendi ya miguu miwili

Kizota, Dodoma
Mwezi wa Agosti

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani Manyoni. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeipata, na kwa kuwa swali lako ni moja tu, yaani kama baiskeli ya kukunja inaweza kufungwa stendi ya miguu miwili, nitajibu hilo bila kuzunguka. Inawezekana, na yangu imefungwa. Hata hivyo usitoe fedha kabla hujapima, kwa sababu baiskeli hizi zinapokunjwa hubanana sana sehemu ya chini, na stendi inayokaa vizuri baiskeli ikiwa imesimama huenda ikazuia kukunja, jambo ambalo ndilo lililokufanya uitake baiskeli hiyo.

Kwanza jiulize utabeba nini. Kwa mtu asiyeweka mzigo kwenye keria, stendi ya pembeni ya mguu mmoja inamtosha, na hana sababu ya kujiongezea chuma cha zaidi ya nusu kilo. Wewe lakini umesema utabeba madaftari ya wanafunzi na pengine dumu la maji, ambalo likijaa lita 20 lina kilo 20. Mzigo kama huo ukikaa nyuma, mguu mmoja hauuwezi: unazama kwenye mchanga wetu huu, baiskeli inazidi kuinama, kisha upepo wa miezi hii unaimalizia. Nimeshuhudia kreti ya zabibu ikimwagika hivyo mbele ya duka, na mwenye nayo akabaki anaokota huku kuku wakimsaidia.

Kuhusu ushauri wa fundi wako, kwamba uchukue stendi ya nyuma ya baiskeli kubwa, ile yenye umbo la U inayoshikwa na ekseli, mimi sikubaliani nao. Baiskeli kubwa ya inchi 28 ina ekseli iliyo juu ya ardhi kwa zaidi kidogo ya sentimita 35, ilhali gurudumu la inchi 20 pamoja na tairi lake lina kipenyo cha sentimita 50 hivi, kwa hiyo ekseli yake iko sentimita 25 tu kutoka chini. Stendi hiyo itakuwa ndefu kwa sentimita kumi. Hata ikikatwa na kuchomelewa upya, bado itagombana na mashine ya gia iliyoning'inia upande wa mnyororo, na baiskeli ikikunjwa itasukuma gurudumu la mbele, ambalo wakati huo linatakiwa kulala sambamba na la nyuma.

Unayoihitaji ni ile inayofungwa katikati, nyuma tu ya mahali inapopita ekseli ya pedali, kwenye mabomba mawili yanayokwenda gurudumu la nyuma. Baadhi ya fremu zina kibati kilichochomelewa hapo kiwandani, chenye tundu la bolti ya milimita 10. Ukikikuta, kazi imekuwa nyepesi. Kama hakipo, stendi huja na vibati viwili, kimoja hukaa juu ya mabomba na kingine chini, na bolti huvibana pamoja. Usimruhusu mtu achomelee kibati kwenye fremu kabla hujaipima kwa sumaku. Ikishika, fremu ni ya chuma na fundi mzuri anaweza kuichomelea. Isiposhika, huenda ni ya aluminiamu, ambayo mashine za kawaida za kuchomelea mageti haziiwezi, na joto lake hudhoofisha fremu mahali penye mzigo mkubwa.

Sasa nakuja kwenye kipimo ambacho watu wengi hukipita. Katika baiskeli nyingi za kukunja, bomba la kiti liko wazi upande wa chini, na unapoishusha nguzo ya kiti yote ili ukunje, ncha yake hutokeza chini karibu na ekseli ya pedali na kuwa mguu wa kuegemea baiskeli iliyokunjwa. Ncha hiyo hupita mahali pale pale, au karibu kabisa na pale, unapotaka kufunga stendi. Kwa hiyo shusha kiti mpaka mwisho, ndipo upime nafasi iliyobaki kati ya nguzo na tairi la nyuma. Kibati cha stendi lazima kikae ndani ya nafasi hiyo bila kugusa upande wowote. Kisha kunja baiskeli yote na uchungulie upande wa kushoto. Stendi nyingi nzuri za miguu miwili hukunjika kwa namna ya pekee, miguu yote miwili ikilala pamoja upande huo, mbali na mnyororo, na katika baiskeli nyingi gurudumu la mbele nalo hukunjiwa huko huko. Pasipokuwa na upana wa kutosha, baiskeli haitafunga.

Wakati wa kufunga, angalia waya wa breki na wa gia zisibanwe na vibati. Mara nyingi hupita chini ya mabomba hayo. Weka kipande cha tyubu kuukuu kati ya kibati na bomba, tia washa ya springi, kisha kaza kwa nguvu ya wastani, maana mabomba ya fremu ni membamba na fundi anayekaza kwa mwili wote huyabonyeza. Baada ya siku chache za kuendesha, rudia kukaza, kwa kuwa ule mpira utakuwa umekaa.

Kukata miguu ndiko kunakotaka subira. Stendi nyingi hutengenezwa kwa ajili ya baiskeli kubwa, nawe utalazimika kuipunguza kwa msumeno wa chuma. Jaza upepo kwanza, simamisha baiskeli kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, weka mzigo utakaobeba kila siku, kisha kata kidogo kidogo, miguu yote kwa kipimo kimoja. Usipime tu urefu kutoka kwenye kibati hadi sakafuni ukaukata huo, kwa sababu miguu hukaa imetanuka na kuinama. Unachotafuta ni baiskeli kusimama kama chungu juu ya mafiga matatu: miguu miwili na gurudumu moja, lile jingine likiwa juu kwa sentimita moja hivi. Miguu ikiwa mirefu mno utanyanyua baiskeli kwa taabu na itayumba. Ikiwa mifupi mno, magurudumu yote yatagusa chini na stendi haitabeba chochote. Ukimaliza, lainisha ncha kwa tupa na urudishe raba zake.

Mzigo ukiwa nyuma, gurudumu linaloinuka ni la mbele, nalo hupenda kugeuka lenyewe na kuvuta baiskeli upande. Dawa yake ni kulifunga gurudumu hilo kwenye bomba la fremu kwa kipande cha tyubu ili lisigeuke, kisha kuvisha pete ya tyubu kwenye mkono wa usukani pamoja na kishikio cha breki ya nyuma: gurudumu lililo chini halitazunguka, na baiskeli haitateleza mbele ikajiangusha kwenye stendi. Kwenye mchanga laini weka kibao chini ya miguu, maana raba zile ni ndogo. Na watoto wa shule wasipande baiskeli ikiwa kwenye stendi, kwani haikutengenezwa kumbeba mtu.

Niandikie vipimo viwili: nafasi kati ya nguzo ya kiti iliyoshushwa na tairi, na upana wa mabomba kwa nje pale kibati kitakapokaa. Nikivipata nitapita kwa mafundi wa Sabasaba niangalie iliyopo, na ikipatikana inayofaa nitaituma kwa basi la Singida, bila kukatwa, ili uikate mwenyewe mbele ya mzigo wako.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Wa Kizota