Mwanangu, pumuzisha ule mukono

Mwanangu,

Baba mudogo yako alitutumia video ukitupa mupira wa besiboli, tukaiangalia na mama yako mpaka megabaiti zikaisha, na kusema kweli tulifurahi sana. Lakini kisha akaongeza mesaji moja fupi kwamba usiku unalala na barafu ku kiwiko. Weye hukuniambia hiyo. Unaniambia tu "papa, niko bien". Kinauma tangu lini?

Najua utasema papa wa Lubumbashi anajua nini ya besiboli, huku watu banajua Mazembe, mupira wa miguu. Sawa, sikucheza, lakini nasoma. Wakubwa wa besiboli kule Marekani beko na kanuni: kijana wa miaka 16 asipite mitupo 95 kwa siku, na akifikisha 76 apumuzike siku 4. Weye unatupia timu ya masomo, dimanshi unatupia timu ingine, mangaribi tena unaenda kutupa ku ukuta. Kochi mumoja anahesabu yake, mwengine yake, na mukono ni ule ule. Nani anajumulisha? Andika mu kaye, kila siku, na ya ukuta uiweke.

Sikatazi mazoezi. Kuko mengine hayaombi hata mupira. Ile ya taulo: shika taulo ndogo mu vidole, fanya mwendo wote sawa unatupa kweli, mwenzako apige goti mbele yako na glavu, taulo igonge ile glavu. Isipofika, hatua yako ni fupi ao bega linafunguka mapema. Ingine, inua goti la mbele, kaa vile ukihesabu mpaka tatu, kisha uende. Mu video unayumba, na muguu wa mbele unatua pembeni, hauelekee kwa mudakaji, njo maana mupira unapanda juu halafu unataka kuurekebisha na mukono peke yake. Nguvu inatoka chini. Mama yako akitwanga sombe anaanzia ku miguu na kiuno, kinu kinaisha mabega hayajalalamika. Weye unatwanga na kiwiko. Na hiyo mipira ya kupinda, achana nayo kwanza, ushike vizuri ule wa mbio na ule wa polepole.

Lakini haya yote bila kupumuzika ni bure. Tommy John, mutupaji mukubwa wa Los Angeles, kano ya kiwiko ilimukatikia mu 1974, dokta Frank Jobe akatoa kano ku mukono ingine akaiweka pale, na mwaka wote wa 1975 hakucheza. Sasa operesheni inaitwa jina lake, na batoto wa umri wako banafanyiwa. Yeye alikuwa analipwa. Weye nani anakulipa?

Na nasikia ku vakanse kuko timu ya tatu. Hapana. Kanuni ile ile inasema miezi 4 kwa mwaka bila kutupa mu mashindano, na kati yake miwili ao mitatu ifuatane bila kutupa kabisa. Mimi njo nilikuwa nakuambia mutu asichoke, ndiyo, lakini nilisema juu ya masomo.

Majirani wote beshaona ile video, hata baba wa parsele ya nyuma, yule asiyesifu mutoto wa mutu. Mudogo yako naye anatupa mawe ku ukuta wa jikoni, rangi imebanduka pale pote kimo cha kifua, nikimugombeza anasema weye, yaya yake, pia unafanya. Muambie weye, mimi hanisikii.

Pesa za baba mudogo zilifika, mabati tumenunua, misumari bado. Kurant inakuja usiku wa manane, mama yako anaamka kupiga pasi. Anauliza kama bukari mnapata kule ao mnakula mukate kila siku.

Uende kwa dokta juma hili, usingoje mashindano yaishe. Kochi akikasirika, anipigie mimi. Na hesabu ya mitupo naitaka dimanshi, mbele hujaenda ku uwanja.

Papa yako