Kabla ya Kutugawia Fulana za Mazoezi, Tazameni Sahani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna waajiri wetu wanavyohimiza mazoezi na ulaji bora kazini. Mimi ni mhasibu katika kiwanda kimoja kilichoko nje kidogo ya Kampala. Mwishoni mwa mwezi uliopita tuliitwa sote uwanjani saa kumi na moja jioni, tukagawiwa fulana mpya, muziki ukawashwa, na mwalimu aliyekodiwa akatuchezesha viungo kwa nusu saa huku picha zikipigwa. Tulipomaliza, kila mmoja alipewa chapati mbili na chupa ya soda. Kesho yake tukarudia desturi yetu: chai ya saa nne yenye sukari vijiko vinne, mandazi, na mchana mlima wa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharagwe usio na hata jani moja la mboga.

Najua wapo watakaosema kwamba Uganda haina haja ya kuhangaishwa na mazoezi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba ni watu wazima wapatao watano au sita tu kati ya mia katika nchi yetu wasioushughulisha mwili vya kutosha, ilhali duniani kote ni zaidi ya robo. Tulijisifu sana wakati ule. Lakini sifa hiyo ni ya jembe, ya dumu la maji na ya safari ndefu za miguu, kwa sababu kazi za aina hiyo ndizo zilizohesabiwa. Mtu anayetoka kijijini akapewa kiti ofisini, akawa anakwenda na kurudi kwa bodaboda, hupoteza mazoezi yake yote bila kujua, kwa kuwa hakuwahi kuyaita mazoezi. Na sahani yake hubaki ileile aliyokuwa akiimaliza baada ya kulima nusu ekari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na walio wengi hawakuwa na habari.

Jambo hili limenifanya nisome habari za Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ambao hali yao inafanana na yetu kuliko nilivyotarajia. Wengi wao hufanya kazi za kutoka jasho: ujenzi, mashamba ya mboga na matunda, usafi, jikoni za mikahawa. Mtazamaji angedhani kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kuugua maradhi ya wanaokaa kitini siku nzima. Hata hivyo, mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani inakadiria kwamba mtu mzima wa jamii ya Walatino, ambao wengi wao ni hao wenye asili ya Meksiko, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 50 kupata kisukari cha aina ya pili maishani mwake, wakati kwa Wamarekani wote kwa jumla ni asilimia 40. Jasho la kazi peke yake, basi, si kinga, hasa pale linapofidiwa kwa soda na vyakula vya haraka vinavyoliwa kwa dakika chache kati ya zamu na zamu.

Kilichonivutia zaidi ni njia waliyoiona inafaa. Matangazo ya Kiingereza na ushauri wa kuacha vyakula vya mama zao havikuwafikia. Wakatumiwa watu waitwao promotores, yaani wahamasishaji wa afya waliotoka miongoni mwao, wanaozungumza Kihispania na wanaojua jikoni mwa mwenzao kumepikwa nini. Mhamasishaji huyo hamwambii mtu aache chapati yake ya mahindi na maharagwe. Humwonyesha kupunguza mafuta, kuongeza mboga, na kunywa maji badala ya kinywaji chenye sukari. Sisi tunazo timu za afya za vijiji tangu mwaka 2001, zinazofanya kazi kwa fikra hiyohiyo, lakini zinaishia kwenye lango la kiwanda. Ndani ya lango tunabandikiwa mabango ya Kiingereza mbele ya vibarua wanaoongea Kiganda, Kisoga, Kiacholi na Kiswahili.

Nieleze pia kwamba mahindi na maharagwe tunayokula kila mchana asili yake ni huko Amerika, na mahindi yalianza kulimwa Meksiko kwenyewe maelfu ya miaka iliyopita. Sisi tumeyapa jina la posho, neno ambalo kwa Kiswahili ni mgawo wa chakula anaopewa mtu kwa kazi yake. Jina lenyewe linakiri kwamba chakula hiki ni cha mwajiri kabla ya kuwa cha nyumbani, na ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba anachokula mfanyakazi ni siri yake na tumbo lake.

Tena si wafanyakazi wote wanaohitaji jambo moja. Vijana wetu wa ghala hubeba magunia ya kilo 50 tangu asubuhi. Kuwaambia wakimbie uwanjani jioni ni kuwacheka. Wao wanahitaji maji safi karibu, kupumzika, na mlo ulio na mboga. Sisi wa ofisini ndio wa kuhimizwa kusimama, kupanda ngazi na kushuka kwenye teksi kituo kimoja kabla ya kufika. Dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni nusu saa tu kwa siku tano. Kwetu friji ya soda iko mlangoni mwa kantini, na tangi la maji ya kunywa liko nyuma ya karakana. Aliyepanga hivyo hakukusudia ubaya, lakini amewashawishi watu kuliko mabango yote.

Mwenye uwezo mkubwa wa kutuponya, kwa maoni yangu, ni mama anayetupikia. Yeye ndiye anayeamua chumvi ya watu 300, na kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima hakizidi gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Mboga za majani kama dodo na nakati zinauzwa sokoni kila asubuhi kwa bei isiyotisha. Nilipomuuliza kwa nini hazipiki, alinijibu kwamba hajawahi kupewa fedha za mboga, na kwamba hakuna aliyewahi kumwita kwenye mkutano wowote wa afya, hata ule wa fulana.

Kikao cha wafanyakazi na uongozi kiko mwezi ujao. Nimekwisha kuandika ombi kwamba mama huyo aalikwe, kwamba fedha zilizotengwa kwa fulana za awamu ya pili zinunue mboga, na kwamba tangi la maji lihamishiwe pale ilipo friji. Naomba wasomaji wanaofanya kazi kwenye viwanda vingine, wa Jinja, Mbale au Namanve, watueleze kupitia ukurasa huu kwao kunaliwa nini.

Wako,
Mhasibu wa kiwandani, Mukono