Jumamosi wafungulie mlango

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba zamu yenu ya kupokea sala ya jumuiya ndogo ndogo nyumbani ilipofika ulimwambia mwenyekiti mnasafiri, nilinyamaza kwa sababu mdogo wako alikuwa amekaa karibu. Hamkusafiri. Mlikaa ndani pazia mmeshusha, wenzenu wakasali kwa jirani. Tangu hapo usingizi hauji.

Unasema nyumba yenu haifai kusaliwa. Mwenzio anarudi zamu ya usiku hataki kusikia rozari, mnagombana kwa ajili ya ada, mkubwa habanduki kwenye simu. Nimekusikia. Lakini nani alikuambia jumuiya inakuja kukagua? Wanakuja kusoma Injili ya Jumapili, kuwaombea wagonjwa, kukusanya mchango na kupangana nani ampelekee uji aliyejifungua. Nao wana ada za kulipa na waume wa kununa.

Kwenye semina ya WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki Tanzania, padre alitueleza habari za Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu wote wawili pamoja, tarehe 18 Oktoba 2015. Nilidhani nitasikia habari za watu wa kupiga magoti tu. Kumbe yule mama alikuwa na biashara ya lesi, anakesha akikimbizana na kazi za wateja, hata mumewe, fundi saa, akauza duka lake ili amsaidie. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wangali wadogo. Binti yao Léonie alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kuwashinda walimu, na msichana wa kazi alikuwa akimtesa kwa siri, mama asijue mpaka mwaka 1877, mwaka uleule saratani ya matiti ilipomwondoa duniani. Ndani ya nyumba ya watakatifu, mwanangu! Na huyo Léonie alijaribu utawa mara tatu akarudi, mara ya nne, mwaka 1899, akabaki hadi kufa. Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu.

Sasa wewe unangoja nini? Watoto watulie kwanza? Mumeo aongoke kwanza?

Usiniambie kwamba mimi niliweza. Ulikuwa mdogo. Miaka ile baba yako anakunywa, rozari niliisali kwa sauti ili yeye aisikie, si Mungu, na Mama Maria anajua hivyo. Kwa hiyo mwenzio usimlazimishe. Akirudi Jumamosi asubuhi akute watu sebuleni, mpe chai, akalale. Watoto waanze na ishara ya msalaba kabla ya kula, hata wakicheka. Ugomvi wa ada umalizeni kabla ya kulala, na mkishindwa, salini hivyohivyo mmenuna.

Najua nimezaa mtu. Shangazi yako alinieleza nani alilipia dawa zake, na hukumwambia yeyote, hata mimi. Ndiyo maana nakasirika. Mtu mwenye moyo huo anawafungia wenzake mlango kwa sababu kochi limechanika! Kumbuka mlipofiwa na mtoto ni jumuiya ileile iliyolala kwenu na kupika, na hakuna aliyeangalia kochi.

Mwenyekiti mpigie leo, usingoje wiki iishe. Mwambie tu zamu iliyopita hamkuwa tayari, na Jumamosi hii mnawakaribisha. Chai ya rangi inatosha, mihogo ukipata.

Huku tunaendelea. Ng'ombe alizaa jike, maziwa yanatosha kuuza kidogo. Bati la jikoni linavuja upande wa stoo, fundi ameomba fedha nyingi, nimemwambia angoje mavuno ya kahawa. Nimempa kondakta wa basi mkungu wa ndizi na maharage. Vimefungwa kwenye gunia la bluu, na gunia nalitaka lirudi.

Gauni la Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wangu msinunue. Fundi wa hapa kigangoni ana kitambaa kizuri na bei yake naielewa. Nitumie vipimo vya mabega, kiuno na urefu, uongeze inchi mbili maana anakua. Vitume Jumamosi hiyohiyo, wageni wakishaondoka, ili nijue wamekuja.

Mama yako