Macho hukaa katikati

Tanga, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, ila bibi magoti yanamsumbua kidogo. Mchoro wako wa uso wa mama umefika. Umeandika kwamba mama alipouona aliuliza, "Huyu nani?" nawe ukataka kuziacha penseli. Tafadhali usiziache. Nimeutazama mchoro huo jioni nzima, na kosa lake nalijua, limenitesa miaka miwili.

Chukua rula uupime. Macho umeyapandisha mno. Kwa mtu mzima, kutoka utosini hadi kidevuni, macho hukaa katikati kabisa. Mtu tukimtazama tunatazama macho na mdomo, basi paji na utosi tunavipunja. Pima na upana: kati ya jicho na jicho paenee jicho jingine. Sikio lianzie usawa wa nyusi, liishie usawa wa chini ya pua. Hivyo ni vya kuanzia tu. Mama ana paji pana na taya fupi, na pale anapoachana na kipimo ndipo sura yake ilipo.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Ngozi umeiacha nyeupe kama karatasi, ukazungushia mistari. Juzi nilimchora bibi barazani akichambua mchele. Nilianza kwa kuipaka karatasi nzima penseli ya 4B, ile laini yenye weusi mzito, nikaisugua kwa kitambaa hadi ikawa kijivu. Kisha nikafinya macho, maana ukiyafinya, vidogo vidogo hupotea na kubaki mwanga na giza. Nikashika ufutio, nikafuta palipoguswa na mwanga tu: kitefute cha kushoto, ncha ya pua, ukingo wa mdomo wa chini. Kope sikuchora hata moja. Bibi akatokea, rafiki yangu! Hata kile kishimo cha shavuni, pale meno yalipong'oka, kilikuja chenyewe.

Ukikosa wa kumchora, tumia kioo. Mchoraji Albrecht Dürer wa Ujerumani alijichora hivyo mwaka 1484 akiwa na miaka 13, tena kwa kijiti cha madini ya fedha ambacho alama yake haifutiki.

Mkalishe mama karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja, umchore upya. Huo wa kwanza utunze, uandike tarehe nyuma yake. Mpya nitumie.

Bibi anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Ni mimi rafiki yako wa tangu darasa la tatu