Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utalii, Komoro: naomba birika moja la kukingia maji ya mvua kijijini Mvouni

Mheshimiwa Waziri,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Mimi ni Mtanzania, mkazi wa Morogoro, na nilipofika kisiwani Ngazidja nilijitengea siku moja ya kupanda mlima asubuhi na kuzunguka kwa gari mchana. Sikuandikii kulalamika, maana nilitendewa wema kuliko nilivyostahili. Nakuandikia kuhusu maji, na kuhusu mama mmoja mzee wa Mvouni aliyenipa ya kwake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nimezoea milima ya Uluguru, ambako mpandaji hapiti mabonde mawili bila kuvuka kijito, na nikajiaminisha kwamba Karthala, mlima wa volkano wa mita 2,361 ambao ubavu wake wa magharibi hupokea mvua nyingi mno, hauwezi kuwa tofauti. Niliondoka Mvouni alfajiri nikiwa na chupa ya lita moja na nusu. Kijana wa hapo kijijini aliyekubali kuniongoza alijitwika dumu la lita tano, nami kwa ujinga wangu nikafikiri anampelekea mtu shambani.

Njia ya kwenda Boboni, huko juu ubavuni mwa mlima, ni nzuri kwelikweli. Migomba imepandwa chini ya miti mikubwa ya msitu hata huwezi kusema shamba limeishia wapi, na juu zaidi mikangaga imerefuka kama minazi michanga, imelowa umande mpaka nguo zinarowana kwa kuigusa tu. Kila kitu kilikuwa kibichi na chenye unyevu, isipokuwa ardhi. Kando ya njia tulimkuta ng'ombe amefungwa kwa kamba, anatafuna mgomba uliokatwakatwa, maji yakimchuruzika mdomoni. Nilipouliza ananyweshwa wapi, kijana akacheka, akasema ndiko huko huko: mgomba ndio chakula chake na ndio maji yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mawe ya lava ya Ngazidja bado ni machanga, yamejaa vitundu na nyufa, na mvua ikishuka haikai juu hata kidogo, bali huzama papo hapo na kupita chini kwa chini hadi pwani, ambako hukutana na maji ya bahari. Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali vina vijito vyao, lakini kisiwa hiki kikubwa kuliko vyote hakina hata mto mmoja wa kudumu. Saa nne asubuhi chupa yangu ilikuwa tupu, ukungu umetanda, na kilele bado kiko mbali. Tukagawana dumu la kijana, tukageuza njia.

Tuliporudi Mvouni nilikuwa nimekaukwa na koo. Mama mmoja alikuwa ameketi barazani. Nikamwamkia kwa neno nililofundishwa, «kwezi», naye akaitikia «mbona», itikio ambalo Mswahili akilisikia mara ya kwanza hudhani anaulizwa amefanya nini. Kuomba maji hakukuhitaji mkalimani, kwa kuwa kwao ni «madji». Akainuka, akaondoa jiwe lililokandamiza bati, akafunua birika la saruji linalokinga mvua ya paa lake. Kabla ya kuchota aliinama akatazama ndani. Alipokwisha kuchota alitazama tena, kisha akarudisha bati na jiwe lake. Nilikunywa vikombe vitatu.

Ni ndani ya gari, tukielekea kaskazini, ndipo dereva aliponieleza kwamba ulikuwa msimu wa kiangazi na birika lile lilipaswa kuwafikisha watu wa nyumba ile mpaka mvua za Novemba. Akanieleza pia sababu ya lile bati. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, jivu lilianguka juu ya vijiji na kuingia katika mabirika, na watu wengi wakajikuta maji waliyoyakinga kwa miezi hayanyweki. Tukafika Bangoi-Kouni, kwenye lile ziwa lililotuama ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, karibu kabisa na bahari, maji tele ya rangi ya kupendeza, na yote ni ya chumvi. Mandhari ni ya kustaajabisha, lakini sikukaa sana, kwani vile vikombe vitatu vilikuwa bado vinanikaa rohoni.

Mheshimiwa, ombi langu ni birika moja la umma pale Mvouni, mahali njia ya mlima inapoanzia, chini ya banda lenye paa pana na mifereji mizuri, lenye mfuniko madhubuti wa kuzuia jivu, na likisimamiwa na wanakijiji wenyewe. Gharama yake ilipwe na sisi wageni, kwa ada ndogo inayokusanywa hapo hapo na kubaki hapo hapo. Mgeni ajaze vyombo vyake kabla ya kupanda, na kinachobaki wakati wa ukame kiwe cha kijiji. Ukutani pa banda pabandikwe maandishi makubwa, kwa Kingazidja na Kifaransa, na Kiswahili mkiona inafaa, yanayosema kwamba huko juu hakuna kijito wala chemchemi ya kutegemea. Kwa kuwa nchi yako ina kituo cha kuangalia mwenendo wa Karthala tangu 1988, hapo hapo pangeweza pia kuandikwa, kwa chaki tu, hali ya mlima siku hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba kiongoza njia anatosha kumwonya mgeni. Wangu angenionya kama ningemuuliza, lakini mgeni anayejiona mjuzi wa milima hamuulizi kijana wa miaka 20, na kijana mwenye adabu hamkatizi mtu aliyemzidi umri. Maandishi hayana haya.

Mifereji ikifungwa kabla ya Novemba, birika litajaa kwa mvua za msimu ujao.

Wako kwa heshima,
Mgeni kutoka Morogoro, Tanzania